Brathangu ametoka jela Februari na sasa anarudi nyumbani saa tisa usiku, nifanyeje?

mama_mapacha_nax

Habari wadau. Niko Nakuru, mtaa sitasema lakini watu wa Bondeni na Kivumbini mtanielewa tu.

Brathangu mdogo ana miaka 27. Alifungwa 2021 kwa kuchomoa simu na pochi kwa mfuko wa mtu pale steji, akapewa miaka sita, akakatwa ile theluthi ya tabia nzuri akatoka Februari 2025. Huko ndani alisomea useremala na mtihani wa grade akapita, karatasi yake alitoka nayo amefunga na nailoni mbili kama hati ya shamba. Tukafurahi. Mimi ni single mother wa mapacha, naishi nao na mathe kwa keja ya vyumba viwili, brathe analala kwa sofa.

Miezi miwili ya kwanza alikuwa poa kabisa. Alipata kibarua kwa karakana moja ya vitanda, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi na vumbi la mbao hadi kwa kope. Siku moja randa ikapotea. Mwenye karakana tayari alikuwa ameskia kwa watu kuwa huyu ametoka ndani, hakuuliza mara mbili, akamfukuza mbele ya wateja. Hiyo randa ilipatikana wiki hiyo hiyo imefukiwa na maranda. Hakuitwa tena. Akajaribu kazi ya usiku ya usoja, wakataka cheti cha tabia njema cha polisi, nikalipa hiyo 1,050, akaenda Huduma Centre akawekwa vidole, na nyinyi mnajua vidole vikirudi vinasema nini.

Sasa mwezi wa pili huu anatoka saa nne usiku anarudi saa tisa. Viatu vina tope na mvua haijanyesha. Jumanne nilikuwa nachota unga nipike ugali nikaguza kitu kigumu, ni soksi, ndani simu tano. Moja ikawaka nikiwa nimeishika, picha ni mtoto wa nasari amevaa ile kofia ya graduesheni, anacheka hana meno ya mbele. Nikairudisha kama nyoka.

Na ukweli niseme wote, yeye ndiye alilipa karo ya mapacha term hii. Mathe anasema tumwombee. Nimfukuze, nimripoti ama ninyamaze?

msafiri_wa_alfajiri

Huenda mimi ndio mwenye moja ya hizo simu, so usitegemee nikuonee huruma sana.

Mwaka jana natoka Langa Langa naenda shift ya asubuhi, saa kumi na nusu hivi, nikaskia tu mkono kwa shingo. Ngeta. Niliamka nikiwa nimelala kwa kokoto karibu na reli, kiatu kimoja hakuna, na kwa wiki mzima nilikuwa nameza uji kama nameza miiba. Simu yenyewe nilikuwa nailipia pole pole shilingi 65 kila siku, na niliendelea kuilipia miezi saba bila kuwa nayo. Sasa nyinyi mnakula karo na mimi nalipa 65. Ripoti huyo kijana kabla hajakutana na watu wenye tairi na petroli, juu hao hawangoji ushahidi.

Na kuna yenye kava ya kijani hapo?

karani_mstaafu

Dada, nimekaa kortini miaka mingi nikiandika mafaili, wacha nikwambie mbili tatu.

Kwanza hizo simu kwa unga. Zikipatikana kwako na wewe ulijua, hiyo ni kushika mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Penal Code, inaweza kuenda hadi miaka 14. Wewe, si yeye. Mapacha wataachiwa nani?

Pili, hii vijana hawaijui na inawamaliza. Brathako akidhani anafanya kakosa kadogo ka simu kama kale ka 2021, amekosea. Wakiwa wawili ama zaidi wakanyang'anya mtu, ama mmoja ana silaha, ama wakamgonga, hiyo ni wizi wa mabavu, 296(2), hukumu yake kwa kitabu ni kifo. Ndio, hakuna mtu amenyongwa Kenya tangu 1987, lakini usifanye hiyo kuwa faraja. Na yule anayesimama tu kona akiangalia kama karao wanakuja, yeye pia yuko ndani ya hiyo hesabu. Nimeona watoto wa miaka 20 wakilia kizimbani wakisema "mimi nilikuwa nimesimama tu".

Usizitupe, usiziuze, usijaribu kupigia wenyewe na laini yako. Tafuta wakili ama mzee wa nyumba kumi mnayemwamini muende naye kituoni, ziandikwe OB, kile kitabu cha matukio cha polisi.

fundi_kibuye

Mimi niko Kisumu, natengeneza vitanda na makabati Kibuye, na nilikaa jela ya Kodiaga miaka mitatu na kitu, nikatoka 2016. So naongea na kile najua.

Watu hudhani kijana hurudi kwa mtaa juu anapenda pesa ya haraka. Pesa gani? Simu ya elfu ishirini mnunuzi anakupea elfu mbili mia tano, tena anakuonyesha skrini ina mkwaruzo anatoa mia tatu, mnagawana watatu, na mwenye pikipiki anakata ya mafuta kwanza. Kuna siku nilirudi nyumbani na mia nne na nilikuwa nimekimbia kutoka Kondele hadi Nyalenda. Mtu wa mjengo alinishinda siku hiyo na alilala usiku mzima.

Kilichonirudisha mimi ni deni. Siku natoka, nani alikuwa kwa geti? Si mjomba, si pasta. Walikuwa maboi wawili wa base, lile genge letu la mtaa, na raba mpya na chipsi kwa nailoni. Raba saizi yangu kabisa. Nikavaa hapo hapo nikaacha akala za jela kwa mtaro, nikajiskia mtu. Na hawakuniambia kitu, hiyo ndio ujanja yake. Wiki tatu wananisalimia tu, soda, nywele nanyolewa wanalipa. Wiki ya nne mmoja akapita jioni akasema "omera, leo kuna kakitu, wewe utasimama tu hapo kona". Sasa wewe utamwambia nini mtu alimnunulia mamako dawa ya presha miaka mitatu? Utasema hapana na mdomo upi?

So swali yangu dada, na kama hutaki kujibu hapa sawa tu. Hiyo miaka minne brathako alikuwa ndani, nani alikuwa anatuma pesa kwenu?

mama_mapacha_nax

@msafiri pole sana, hakuna ya kava ya kijani, niliangalia.

@fundi hakuna mtu alitulisha, nilikuwa nafua nguo za watu Section 58 na kuuza mandazi. Kulikuwa tu na kijana mmoja alijiita rafiki yake wa kanisa, alikuwa anatusaidia kidogo mara moja moja.

kijana_wa_shabab

Brathako alikuwa anaenda kanisa gani dada, uliza roho yako 😅

nyanya_wa_kiamunyi

Wewe kijana wacha kumcheka mwenzako. Mama mapacha, usimfukuze usiku, mtu akifukuzwa usiku anajua mlango mmoja tu utakaofunguka. Mimi wangu nilimfukuza. Nilirudishiwa maiti kutoka mochari na bili juu. Sina mengi.

mama_mapacha_nax

Nimekaa siku mbili bila kuandika hapa, nisameheni.

Baada ya ile swali ya fundi nililala nikageuka geuka, nikaamka nikaanza kutafuta meseji za pesa kwa simu, ile namba ya "rafiki wa kanisa". Nilidhani nitapata kama sita ama saba. Ziko 31. Nyingi ni 1,500, Desemba ni 3,000 kila mwaka, na kuna moja ya 5,000 ile wiki mathe alilazwa. Sikuwahi kujumlisha. Mtungi wa gesi ninaopikia ulitoka hapo. Sweta za shule za mapacha zilitoka hapo. Mimi nikienda kanisani natoa shukrani.

Brathe aliporudi saa tisa nikamngoja kwa giza kwa kiti, nikamwonyesha simu. Hakukasirika hata. Alivua viatu pole pole akasema "kwani ulidhani ni nani?" Halafu akaniambia wamempigia hesabu, amebakisha kutoka nao mara sita, deni iishe. Anaongea kama mtu amebakisha mwezi moja amalize rent.

Sijui nikope niwalipe tu? Kuna chama naweza toa elfu thelathini.

fundi_kibuye

Usithubutu. Mimi niliambiwa nne. Ya nne ilipofika mmoja wetu akashikwa, ikawa lazima tuchange ya wakili, ikawa mbili tena, halafu kuna aliyezaa. Hiyo deni haina risiti dada, anayeandika ni yule anayekudai. Na ukienda na elfu thelathini mkononi utakuwa umewaonyesha kuna nyumba ina elfu thelathini.

Mtoe Nakuru. Usingoje mwisho wa mwezi. Mimi nilienda kwa shangazi yangu Ugunja nikapiga majeneza miaka miwili. Kule hakuna mtu anauliza cheti cha tabia njema, anauliza jeneza litakuwa tayari Ijumaa. Laini nilivunja na meno. Niliporudi Kisumu, kati ya wale watano wa base nilipata mmoja anauza maji, wengine sitaandika.

karani_mstaafu

Nakubaliana na fundi. Na kabla aende, mpitishe ofisi ya probesheni, huwa karibu na korti, waambie ametoka na ana grade yake. Wanashughulikia pia waliotoka jela, hiyo ndio maana ya "aftacare" kwa jina lao, na wakati mwingine kuna vifaa vya kazi. Hata wasipotoa kitu, jina lake liwe kwa faili kama mtu aliyekuja mwenyewe kuomba kazi. Iko siku hiyo karatasi itasomwa.

msafiri_wa_alfajiri

Mimi bado nasema ripoti. Lakini kama anaenda, aende.

mama_mapacha_nax

Simu tano zimepelekwa, nilienda na mzee wa mtaa, tukaulizwa maswali hadi saa nane mchana lakini tulitoka. Ile ya mtoto wa nasari ilikuwa imezima chaji.

Probesheni walichukua majina, vifaa kwa sasa hakuna.

Nikauza mtungi na meko yake. Mnunuzi ni jirani, alishangaa bei. Nikamnunulia brathe randa ya mtumba, msumeno na patasi mbili, juu mjomba yetu ako Bumala ana posho mill na anasema kuna milango ya kanisa inataka fundi. Leo asubuhi saa kumi na mbili nimempandisha matatu ya Busia. Alikuwa ameshika hiyo randa kwa magoti kama mtoto, kondakta alimwambia aweke kwa buti akakataa. Hakuniangalia wakati gari inatoka. Napika na makaa sasa, mathe anakohoa na ananilaumu.

Sasa hiki kitu kimetokea saa hii ndio nimerudi hapa haraka. Ile namba imetuma 1,500. Hakuna maneno, pesa tu. Mwezi mzima hawakuwa wametuma. Nifanye nini nayo?

fundi_kibuye

Rudisha. Usilale nayo.

mama_mapacha_nax

Nimerudisha. Imekata 23 za kutuma.