Kwani taratibu za viza siku hizi zinatangazwa dirishani?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa.

Niko Uyole, Mbeya. Nina vyumba vinne vya wageni na napeleka watu Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu. Wateja wangu si wale wa kushukia uwanja wa ndege wa KIA na kupakiwa kwenye gari la kwenda Serengeti. Ni waendesha baiskeli waliotoka Cape Town, wanapita Zambia au Malawi, wanafika kwangu wamebadilika rangi kwa milima na vumbi.

Wiki iliyopita wawili wamekwama mpakani (mpaka gani sitasema, nina kazi ya kulinda). Mwezi mmoja nyuma wenzao walijaza fomu palepale, wakalipa dola 50 kila mtu, mhuri, safari. Hawa wakaambiwa, "Siku hizi ni mtandaoni tu."

Haya, mtandaoni. Viza ya mtandaoni ipo tangu 2018 na sina ugomvi nayo. Ila wakaambiwa waambatishe tiketi ya kurudi. Mtu amekuja kwa baiskeli! Tiketi ya kurudi aikate wapi, kwa fundi wa minyororo? Wakalala ng'ambo siku tatu. Mimi huku kuku nimeshanunua, kijana wa kuwaongoza Ngozi nimeshampa advansi, na kwenye mvua hii wateja wenyewe wa kuhesabu. Siku ya nne zamu ikabadilika, wakagongewa mhuri kwa utaratibu uleule wa zamani. Sheria ilikuwa ipi hapo?

Wamefika kwangu, zamu ya pili ya mateso. Kitabu cha wageni ninacho na nakijaza kila siku, mpaka ile safu ya kabila, ambayo Mbelgiji mmoja aliniandikia "Simba". Sasa nimeambiwa kitabu hakitoshi, nipeleke kopi za pasipoti. Nikazipeleka. Nikarudishwa, zinatakiwa mbili mbili. Nikauliza waraka uko wapi nikatoe kopi nao niubandike mapokezi, nikajibiwa, "We leta tu." Hakuna tangazo ubaoni wala tarehe ya kuanza.

Kinachoniuma zaidi, mimi nikimtajia mgeni bei ya chumba kwa dola ni kosa tangu 2025, na nimetii, kila kitu kwangu ni shilingi. Kanuni hiyo iliandikwa, ikatangazwa, tukaielewa. Kumbe inawezekana.

Msinijibu kwamba usalama ni muhimu. Najua, hapa ni jirani na nchi mbili na sitaki mtu asiyejulikana alale kwangu. Nataka karatasi.

Mwenye waraka wenyewe, si voisi ya WhatsApp ya shemeji yake, aubandike hapa. Kuna wengine wawili wanavuka Alhamisi na tangu asubuhi wananiuliza waje na nini.