Mrejesho: ruzuku ya kikundi chetu cha mboji, Uyole

Wakuu, mtakumbuka niliuliza wapi tutapata ruzuku ya kugeuza taka za soko kuwa mboji. Wengi mlinielekeza kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ipo na haina riba, ila ule ni mkopo. Tumeuweka kiporo.

Ruzuku imetoka kwa shirika moja (silitaji, walituzungusha mno). Kilichowavuta si andiko, ni daftari la mizani. Kila gunia la maganda ya ndizi, majani ya kabichi na viazi vilivyooza tunalipima kabla ya kulimwaga kwenye lundo. Walilipekua ukurasa kwa ukurasa, wakauliza hata mbona taka za Jumatatu huwa nyingi!

Wamekubali mapipa, chekeche na gambuti. Guta (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) wamelikataa, eti mafuta yatatushinda. Basi ni mkokoteni tu, na vilima vya Mbeya mnavijua.

Baridi hii inachelewesha mboji kuiva, kwa hiyo lundo tunalifunika turubai. Mwenye kumjua mkulima wa parachichi Rungwe anayenunua mboji kwa magunia, anishtue.