Kwa nini wanaofuatilia siasa nao hawaendi kupiga kura?

Mdadisi
Ndugu zangu, kila baada ya uchaguzi tunasikia lawama zile zile, kwamba wasiopiga kura ni wavivu au hawajali. Maelezo hayo hayaniridhishi, kwa sababu nawafahamu watu wanaofuatilia siasa kila siku na kuwajua wagombea wote kwa majina, lakini siku ya kura ikifika wanabaki nyumbani. Ni nini hasa kinachomzuia mtu wa namna hiyo?

Mpiga Hesabu
Ndugu Mdadisi, huenda mtu huyo amepiga hesabu. Mwaka 1957 mwanauchumi Anthony Downs alieleza kwamba uwezekano wa kura moja kuamua mshindi ni mdogo mno, ilhali gharama ya kuipiga ni ya hakika: muda, safari, foleni na kazi ya kuwachunguza wagombea. Katika jimbo lililo ngome ya chama kimoja hesabu hiyo huwa chungu zaidi, kwa kuwa mshindi hujulikana kabla kura hazijaanza kuhesabiwa. Nakiri kwamba hoja hii ina pengo kubwa, kwani haielezi kwa nini mamilioni ya watu bado wanajitokeza.

Karani wa Zamani
Niliwahi kuwa karani katika kituo cha kupigia kura, na naona kwamba wengi tunaosema hawakutaka walikwamishwa na utaratibu. Walifika na kitambulisho mkononi, wakakuta majina yao hayamo katika daftari la kituo kile kwa sababu walikuwa wamehama na hawakuhamisha taarifa zao. Mtu akirudishwa hivyo mara moja, uchaguzi unaofuata haji. Nchini Sweden, mwenye sifa huingizwa katika orodha moja kwa moja kutoka katika rejista ya wakazi, na wanaopiga kura huzidi asilimia 80. Marekani, majimbo yote isipokuwa North Dakota humtaka mwananchi ajiandikishe kwanza, na uchaguzi wa kitaifa hufanyika Jumanne, siku ya kazi kwa wengi, kwa desturi iliyotokana na sheria ya 1845. Sidai kwamba daftari peke yake linaeleza tofauti yote iliyopo kati ya nchi hizo mbili.

Nisiyepiga
Mimi ndiye mnayemjadili. Jina langu limo katika daftari na kituo hakiko mbali. Nilipiga kura katika chaguzi tatu mfululizo, na kila mara aliyeshinda, hata yule niliyemchagua, aliendeleza yale yale aliyoyalaani jukwaani. Kubaki kwangu nyumbani ni jibu kwa wagombea hao. Ufaransa, katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais mwaka 2022, zaidi ya watu milioni 3 walikwenda hadi sandukuni wakatumbukiza kura tupu au zilizoharibika, na sidhani kuna atakayewaita wavivu. India, tangu 2013, mashine ya kura ina kitufe cha kuwakataa wagombea wote. Ningewekewa kitufe hicho, ningekwenda.

Mpiga Hesabu
Naheshimu msimamo wako, ndugu, ila kitufe kina faida ambayo kubaki nyumbani hakuna: kinahesabiwa. Wewe na aliyelala mpaka jioni mnaingia katika takwimu moja, na mwanasiasa atawasoma nyote kwa namna inayomfaa. Ukienda njia ya kulazimisha, Australia ilipitisha sheria hiyo mwaka 1924, na waliojitokeza walipanda kutoka chini ya asilimia 60 mwaka 1922 hadi zaidi ya 91 mwaka 1925. Ila mtu aliyekwenda kwa kuogopa faini hajasema kwamba ameridhika na alichowekewa.

Mdadisi
Nashukuru. Basi nimuulize Karani: wale mliowarudisha, mliwaandika mahali popote?

Karani wa Zamani
Hapana. Tulikuwa na fomu za kura halali, kura zilizoharibika na karatasi zilizobaki. Waliorudishwa mlangoni hawakuwa na fomu.