Ukitafuta neno kwenye apu, kistari cha kuandikia kinarukia mwisho wa ukurasa, shida nini?

kijana_uyole
Mwagonile wakuu. Natengeneza apu ya wanunuzi wa viazi huku Uyole na Isyonje, natumia Flutter (zana ya kutengenezea apu), kila mmoja ana ukurasa mrefu wa maelezo, gunia ngapi, za nani, bei gani, nani hajalipwa. Juu kuna kisanduku cha kutafutia. Jina la mkulima linapatikana vizuri na linapakwa njano, ila mtu akibonyeza kitufe cha kurudi kuandika kistari kinarukia mwisho kabisa wa ukurasa. Kuna mama kaingiza malipo ya mtu chini ya jina la mtu mwingine kwa ajili hiyo, na hizi ni hela za watu. Naombeni msaada.

fundi_mafinga
Mkuu hiyo njano unaipakaje? Kama ukishapata neno unaweka maandishi yote upya kwa controller.text (controller ndiyo inayoshika maandishi ya ukurasa na mahali pa kistari) basi mchawi ni huyo. Ukiweka maandishi upya hivyo Flutter inasahau kistari kilikuwa wapi, inakipa namba -1, halafu ukurasa ukipata fokasi (ukiwa ndio unaopokea kibodi) bila kujua kikae wapi unakipeleka mwisho. Maandishi usiyaguse kabisa, rangi iweke kwenye buildTextSpan, sehemu inayopanga maandishi yaonekane vipi, ya controller yako mwenyewe. Kisha anza kuweka selection (mahali kistari kilipo au herufi zilizochaguliwa) ndio uite requestFocus ya kuuletea ukurasa fokasi, maana fokasi ikibaki kwenye kisanduku cha juu kistari hakichorwi hata kama kiko mahali pake.

dada_njombe
Kamwene. Fundi kasema kweli ila naongezea, tafadhali usiliache neno likiwa limeselektiwa lote. Apu nyingi zinafanya hivyo na mimi naona ni hatari, mtu akigusa herufi moja tu kwenye kibodi jina zima limefutika, na kwenye simu ndogo hata haoni kama limeondoka. Wakati anatafuta rangi inatosha. Akirudi kuandika tumia TextSelection.collapsed, yaani kistari tu bila herufi iliyochaguliwa, offset (namba ya mahali pa kistari) iwe pale neno linapoanzia ujumlishe urefu wa neno, hivyo kistari kinasimama baada ya herufi ya mwisho, maana anayetafuta jina la mkulima anataka kuongeza kitu baada ya hilo jina. Na mwanzo wa neno uchukue kwa indexOf, inayokupa namba ya pale neno linapoanzia, usihesabu herufi kwa macho, emoji moja mara nyingi inahesabika mbili au zaidi na kistari kitahama.

kijana_uyole
Asanteni sana, kweli nilikuwa naweka text upya. Sasa kinakaa baada ya jina, ila jina likiwa chini kibodi inapanda na kulifunika.

fundi_mafinga
Subiri kibodi imalize kupanda ndio uite bringIntoView, inayosogeza ukurasa mpaka kistari kionekane, kwenye EditableTextState (hali ya sehemu ya kuandikia), ukiita mapema inapima skrini ambayo bado haijafunikwa na kibodi.

mbao_makambako
Mimi si fundi, naandikia mizigo ya mbao kwenye simu tu. Nikitafuta kitu ili nikisome halafu nikafunga kwa alama ya X nirudishwe pale nilipokuwa naandika, nisiachwe kwenye neno nililolitafuta. Kwa sasa kistari kikipotea nakandamiza spesi na kuiburuta mpaka nifike, kwa Gboard (kibodi ya Google) na iPhone inakubali, ila kwenye ukurasa mrefu inachosha.

dada_njombe
Hilo la X ni la maana sana. Kijana, hifadhi selection ya zamani kabla kisanduku hakijafunguka, akibonyeza X mrudishie hiyo, akibonyeza kuandika ndio umpe ya neno.