Majirani wa Makorora, Tanga: Fedha za Kiwanja

*Alhamisi*

Mama Rukia (Katibu), saa 1:12 usiku: Assalaam alaykum majirani. Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa 4 asubuhi, na ninaomba tuingie tukiwa na neno moja kuhusu kiwanja chetu cha michezo, kwa sababu tukienda na maneno kumi tutarudi na ahadi tu, kama mwaka ule tuliochangia taa. Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa kuchochea miradi ya wananchi wenyewe. Kwa hiyo ombi letu lipitishwe mkutanoni, liingie kwenye muhtasari, Mwenyekiti asaini, kisha lipelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata. Nani anapinga?

Mama Rukia, saa 1:45: Tiki za bluu ninaziona, majibu siyaoni.

Baba Swalehe, saa 2:03: Wa alaykum salaam. Kwa nini tuzunguke kote huko wakati halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato yake kwa ajili ya vikundi? Vijana tunao.

Mama Rukia: Kaka yangu, ile ni mikopo. Haina riba, lakini inarudishwa. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Sasa kiwanja ambacho watoto watacheza bure kitapata wapi marejesho?

Fundi Baiskeli: Nne, nne, mbili. Kumbe halmashauri nayo inapanga kikosi!

Dula: Wagosi wa Kaya, Coastal Union yetu, wakikopeshwa mfumo huo, ubingwa wa ligi wa 1988 utarudi.

Fundi Baiskeli: Sisi Wana Kimanumanu wa African Sports tunawaombea afya njema, maana kuishi kwa kumbukumbu tangu 1988 kunachosha.

Mama Rukia: Hayo yapelekeni uwanjani Mkwakwani. Hapa tunazungumzia kiwanja.

Fundi Baiskeli: Samahani Mama. Ninavyoona mimi, mambo haya mawili yatenganishwe. Kikundi chetu cha vijana kinaweza kukopa kwa ajili ya baiskeli za kukodisha na karakana ndogo pembeni ya kiwanja, kwa kuwa mji wetu ni tambarare na watu wake hawajaacha baiskeli. Hiyo ni biashara, itajilipa. Kiwanja chenyewe ndicho kiombewe Mfuko wa Jimbo.

Dada Muuguzi, saa 2:31: Ninamuunga mkono. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wastani wa dakika 60 kila siku. Kutembea kwa haraka nako kunahesabiwa, kwa hiyo njia ya kutembelea kuzunguka kiwanja itangulie, jukwaa lije baadaye. Sasa hivi kina mama wanaotembea kwenda ufukweni Raskazone alfajiri wanagombea barabara na magari.

Mama Zuhura, saa 2:40: Kabla ya njia na jukwaa, magoli ya netiboli yako wapi? Tulichanga sisi wanawake, tukanunua mabomba na nyavu, na mara ya mwisho kuyaona yalikuwa yameshikilia turubai la arusi ambayo kila mtu humu anaijua.

Baba Swalehe: Hayo tuliyamaliza.

Mama Zuhura: Mliyamaliza ninyi wanaume, barazani. Mimi sikuitwa.

Bibi wa Mkunguni, saa 3:05: Nimemwambia mjukuu aandike kama ninavyosema. Kiwanja kile kilikuwa wazi kabla wengi wenu hamjazaliwa, na hakuna aliyelipwa ili akiache wazi. Sitanyoosha mkono Jumapili kuomba fedha za serikali kabla sijasomewa hesabu ya michango ya taa na ya magoli. Tena saa za jioni za wasichana ziandikwe ndani ya ombi lenyewe, kwa sababu mara iliyopita zilisemwa kwa mdomo, na jioni ya kwanza tu wavulana walikuwa wameshatandaza mpira.

Mama Rukia, saa 3:50: Shikamoo Bibi. Tumekusikia. Mhazini, tafadhali.

*Ijumaa*

Mhazini, saa 3:20 asubuhi: Niko Muheza msibani. Daftari limefungiwa kabatini nyumbani na ufunguo ninao mimi. Narudi Jumapili mchana.

Dada Muuguzi: Poleni sana.

Dula: Poleni. Mkutano usogezwe basi.

Mama Rukia: Hausogezwi, ni wa mtaa mzima. Ninapendekeza Jumapili tupitishe njia ya kutembelea na saa za wasichana kwa maandishi, kiasi cha fedha kiachwe wazi hadi hesabu zisomwe. Fundi aendelee na kikundi chake. Baba Swalehe apate kwa Afisa Mtendaji barua na ramani inayoonyesha kuwa pale ni eneo la wazi, maana tusipokuwa nayo tutaulizwa kuhusu lile lori linalolala golini.

Mama Zuhura: Bila daftari mimi sisaini mahudhurio.

Mama Rukia: Dada yangu, njoo ukatae ukiwa ndani, muhtasari uandike kwamba umekataa na kwa nini.

Mama Zuhura: Nitaangalia.

Baba Swalehe, saa 7:15 mchana: Ramani nitaiulizia baada ya sala. La lori mtamwambia mwenyewe, mimi ni shemeji yake.