Mistari 11 kwenye kikadi cha mtu aliyekunywa juisi! Huyu mwenyeji wetu wa Cologne kazidi sasa

Wakuu, simtaji jina na hakuna haja. Aliyekaa Cologne zaidi ya miezi miwili anamjua. Asiyemjua zamu yake inakuja: atapigiwa simu Ijumaa, ataambiwa "mgeni wangu, leo nakutembeza", halafu Jumatatu atakula mkate mkavu.

Jana usiku kamfanyia yule dada wa Tanga anayejitolea FSJ, ule mwaka wa kujitolea kwa huduma za jamii, kwenye nyumba ya wazee. Wiki tatu tu Ujerumani! Picha ya kikadi cha bili ya bia inazunguka kwenye magrupu tangu saa 7 usiku. Mistari 11. Kumi na moja! Mbele ya binti asiyegusa kilevi, aliyekunywa juisi ya tufaha glasi moja, tena ile iliyochanganywa na maji ya gesi!

Kwa mliopo kwingine: bia ya Cologne, Kölsch, inaletwa kwenye glasi nyembamba ya mililita 200. Mhudumu wao, Köbes, hasubiri uagize. Glasi ikikauka anatua nyingine na kuchora mstari mmoja kwenye kikadi cha karatasi ngumu kilicho chini ya glasi. Kikadi ndiyo bili. Hakomi mpaka ukifunike juu ya glasi yako. Mgeni haambiwi haya, anaona kikadi anadhani pambo la meza.

Sasa huyu bwana akifika tu anamwambia Köbes "zusammen", yaani hesabu ya pamoja, kikadi kimoja. Kikadi anakisogeza kwa mgeni. Anakunywa yeye, mistari inaota kwa mwenzake kama magugu ya masika! Ukiona anavaa koti kwenda msalani ujue harudi.

Mistari 11 mara euro 2.30 ni 25.30. Juisi 3.50. Jumla 28.80, kwa mtu anayeishi kwa posho! Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe analitoa siku ya kwanza, tena lenye mistari 11. MISTARI 11, JAMANI!

Kisamvu Baridi:
Huyo si mwenyeji, huyo kupe. Lita 2.2 kwa mgongo wa mtoto wa watu. Dukani lita hizo ni chupa nne na kidogo za nusu lita, hata euro 6 hazifiki.

Babu Mkeka:
Mkuu, uzi wako una mistari mingi kuliko kikadi. Dada mwenyewe kalalamika au umejiteua wakili?

Mleta uzi:
Babu, heshima yako, lakini ungekuwa mjukuu wako? Kakaa peke yake na kikadi cha mistari 11, Köbes kasimama na kalamu, watu wa meza ya pili wanamwangalia wakidhani ni mlevi. Na asubuhi zamu ya mapema inamsubiri!

Nahodha wa Nchi Kavu:
Wageni shikeni hili. Mkikaa tu, kabla ya glasi ya kwanza, semeni "getrennt", kila mtu na chake, na kila mmoja awe na kikadi chake. Kikadi kikae chini ya glasi YAKO, usikubali kisogezwe hata sentimita mbili. Na msicheze na mistari: sheria yao inakihesabu kikadi chenye mistari kuwa hati kamili. Kufuta mstari au kuongeza wa uongo ni kughushi, wanafunzi wa sheria kule hufundishwa kwa mfano huohuo.

Mama Chachandu:
Na kosa la pili mnalisahau. Bili ni 28.80, unatoa noti ya 50 huku unasema "danke" kwa adabu zetu za pwani. Kwisha! "Danke" wakati unakabidhi hela maana yake baki na chenji. Taja kwanza kiasi unachotaka kulipa, sema "thelathini" kwa Kijerumani, ndipo utoe noti. Shukrani baada ya chenji kuingia mkononi.

Kisamvu Baridi:
Weee! 21.20 zinaondoka kwa neno moja la heshima?

Mama Chachandu:
Zinaondoka na hazirudi.

Fundi Redio:
Kikadi ni cha mtoto. Mwongeleeni yule mwingine, mnamjua, wa "panda tu, tiketi yangu usiku inabeba wawili". HAIBEBI! Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida Ujerumani nzima, ni ya mtu mmoja mwenye jina lake. Akipita mkaguzi, faini ni euro 60 na anayelipa ni mgeni, yeye anaangalia dirishani kama hamjuani. Mistari 11 haifiki hata nusu ya hiyo.

Babu Mkeka:
Fundi, usipotoshe watu. Kuna tiketi za mwezi za mikoa zinazoruhusu kubeba mtu mmoja baada ya saa 1 jioni na wikendi nzima.

Fundi Redio:
Zipo, Babu, na ndiko uongo wake ulikozaliwa. Alikuwa na hiyo zamani, akahamia Deutschlandticket, mdomo haukuhama. Labda awe mtoto wa chini ya miaka 6, maana hao hawalipi. Yeye anapakia watu wazima wenye ndevu!

Mleta uzi:
Wakuu turudini kwenye kikadi. Mistari 11...

Nahodha wa Nchi Kavu:
Hapohapo kwenye tiketi: wanaomaliza mwaka wa kujitolea, ile Deutschlandticket inajirefusha yenyewe kila mwezi. Isitishe isizidi tarehe 10 ndipo iishe mwisho wa mwezi huo. Ukisitisha tarehe 11, umelipia mwezi mwingine ukiwa umelala Mwanza.

Kisamvu Baridi:
Kumbe! Na ukishapanda ndege unasitishia wapi?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Kwenye programu au akaunti ileile uliyonunulia, hata ukiwa Tanzania. Ila usifunge akaunti ya benki kwanza. Wakikosa kukata hela, deni linakua na ada juu.

Mama Chachandu:
Na ICE, zile treni za kasi, msipande na tiketi hiyo, hata stesheni moja.