Naombeni ushauri: modeli ya mtumbwi inagoma kutoa jibu, Ijumaa nawasilisha

Mwanafunzi_Rock City: Wakuu, shikamooni. Namalizia uzamili hapa Mwanza. Nimeunda modeli ya otomata za muda, yaani mashine za kihesabu zinazohama hali hadi hali zikiwa na saa za kupimia muda: mtumbwi unapita mialo ya Ukerewe kukusanya samaki, urudi Kirumba barafu haijayeyuka, kwa petroli kidogo iwezekanavyo. Kompyuta inakesha, jibu hamna. Ninunue mashine kubwa au nibadili mada? Kwenye andiko nimeshasema tatizo linaamulika, yaani ipo programu inayolijibu kila mara.

Kaka wa Nyegezi: Nunua mashine. Yangu ilikufa mwaka wa mwisho, nikahamia stationari ya jirani. Yule dada wa pale sasa ni mke wangu.

Mama Dagaa: Mdogo wangu, wewe unapunguza petroli, nahodha anaiuza njiani. Hiyo umeihesabu?

Ng'wana Hesabu: Mashine baadaye. Kwenye otomata za Alur na Dill, zile za 1994, swali la kama utafika linaamulika. Mwaka 2001 watu wakaongeza gharama, na kutafuta iliyo ndogo kabisa bado kukaamulika, kwa sababu gharama inajumlishwa tu, hakuna sharti linaloichungulia njiani. Kwako inachunguliwa? Kuna mpinzani?

Mwanafunzi_Rock City: Haichunguliwi. Mpinzani hamna. Kuna upepo tu.

Ng'wana Hesabu: Upepo unaamuliwa na nani?

Mwanafunzi_Rock City: Unajiamulia, na mimi nataka bajeti itoshe hata ukivuma vibaya. Ila hilo ni dogo, mkuu. Msimamizi kaupenda sana huo upepo, na nimeshalipia kubaindi.

Ng'wana Hesabu: Dogo wapi! Hapo umetoka kwenye otomata umeingia kwenye mchezo wa watu wawili. Brihaye, Bruyère na Raskin walionyesha 2005 kwamba swali lako la bajeti haliamuliki modeli ikiwa na saa tano za kupimia muda. Ikiwa na saa moja linaamulika. Haina maana mtumbwi wako hauna jibu. Maana yake hakuna programu moja itakayojibu modeli zote za namna hiyo. Kuna mlango wa 2004: kila mzunguko ukila angalau kiasi fulani cha gharama, linaamulika. Sasa mtumbwi wako ukisubiri mwaloni injini imezimwa, unalipa nini?

Mwanafunzi_Rock City: Bure. Na sitaki kuweka malipo, nitachora michoro upya yote.

Ng'wana Hesabu: Wavuvi wanakula bure wakisubiri? Haya, modeli yako ina saa ngapi?

Mwanafunzi_Rock City: Nne. Barafu, safari, zamu ya nahodha, na mwezi, maana mwezi ukiwa mpevu tunapakia dagaa kwa wingi.

Mzee wa Ukara: Ebo! Dagaa tunawavuta kwa taa, gizani. Mwezi mpevu ndio tunashona nyavu. Kijana hajawahi kukanyaga mwalo. Hii chai.

Kaka wa Nyegezi: Chai ya rangi, haina hata sukari. Atakuwa anatafutiwa asaimenti ya mtu.

Mwanafunzi_Rock City: Jamani, mimi ni wa Shinyanga, nahodha ndiye aliyeniambia!

Mama Dagaa: Yule yule wa petroli?

Mwanafunzi_Rock City: Basi, saa ya mwezi naifuta. Zinabaki tatu, andiko linasimama kama lilivyo.

Ng'wana Hesabu: Bouyer, Brihaye na Markey, 2006: haliamuliki hata kwa saa tatu.